Damu ya Kupona

"Homa haijatambuliwa," Shangazi alisema. "Dawa haijaruhusiwa. Mpeni mtoto maji mengi. Mrudi iwapo hali itabadilika."

Minza aliitazama mashine, kisha akamgeukia Nyanzobe. Masele, mwana wa Minza, alikuwa amemlalia mama yake begani, miguu ikining'inia, mtoto mkubwa wa kuanza shule aliyebebwa kama kitoto kichanga.

"Hali ibadilike mara ngapi?" aliuliza. "Juzi huyu alikuwa anafukuza kuku wa watu."

Wakazi wa Mwanhumbi waliiita mashine ile Shangazi kwa sababu ya sauti yake ya kike, na kwa sababu iliuliza mambo ambayo shangazi peke yake ndiye huthubutu kuyauliza: umelala wapi, umekula kwa nani, choo kilikuwa cha rangi gani. Lilikuwa kabati la chuma lenye kimo cha mtu, limesimama pale ambapo zamani palikuwa na meza ya daktari. Kifuani lilikuwa na tundu la kutilia damu, juu yake jicho la kioo, na chini yake droo zilizofungwa. Ndani ya droo ndimo zilimokuwa dawa zote za kuua vijidudu. Kwingine kokote hazikuwepo. Bibi zao walizinunua dukani kama karanga, mbili kwa kikohozi, moja kwa jino, hadi vijidudu vikazizoea na watu wakaanza kufa kwa mchubuko wa mguu. Zile chache zilizobaki na nguvu zikafungiwa ndani ya mashangazi nchi nzima. Droo ilifunguka kwa kitu kimoja tu, jina la ugonjwa. Mkono wa daktari haukuweza kuifungua, wala wa waziri.

Tatizo ni kwamba Shangazi alijua aliyofundishwa, na waliomfundisha hawakuwahi kulala chumba kimoja na mbuzi.

Nyanzobe, mhudumu pekee wa zahanati ile, alimlaza Masele kitandani akampapasa. Nyuma ya goti la kulia aliiona: alama ndogo nyeusi, kavu, kama mtu amezima sigara pale, na wekundu umeizunguka. Moyo wake uliruka, na aliona haya kwamba uliruka kwa furaha.

"Mama Masele. Hii alama, kuna mtu ameigusa?"

"Bibi yake alitaka kuichanja jana. Wembe ulikuwa tayari, na unga wa dawa. Nikamwambia wewe, mama Holo, umesema watoto wasichanjwe."

"Asante, dada yangu. Asante sana."

Alimwita Daktari Temba. Uso wake ukatokea kwenye kioo cha ukutani, mwanamume wa makamo mwenye macho mekundu, aliyehudumia zahanati nyingi kuliko alizoweza kuzikumbuka majina. Nyanzobe alimnyanyua mtoto, akalisogeza goti lake karibu na kioo.

"Kupe," daktari alisema, bila hata kusalimia. "Mama, hapo ndipo kupe aliponyonya. Kuna vijidudu vinaitwa riketsia, vinakaa ndani ya kupe, viroboto, chawa. Vikiingia mwilini vinajificha ndani ya kuta za mishipa ya damu. Ndiyo maana ukipima damu unakuta kimya, na mtu anaungua. Miaka mingi tuliita malaria. Malaria ikatokomezwa, homa zikabaki, tukakosa pa kuzisingizia."

"Kwa hiyo jina unalijua," Minza alisema.

"Mimi nalijua."

"Basi mwambie huyu."

Daktari alijifuta uso kwa kiganja. "Hasikii la mtu, mama. Anataka ushahidi kutoka eneo lenu. Mgonjwa mmoja kamili: picha ya alama ambayo haijakatwa, damu ya siku za homa, na damu ya pili, ya kupona, wiki kadhaa baadaye. Mwili ukishapigana peke yake ukashinda, damu huwa inabeba habari ya nani alipigana naye. Shangazi akiziona hizo mbili pamoja, anaupokea ugonjwa, na droo inafunguka kwa kila mtoto wa kanda nzima. Siku hiyo hiyo."

"Na akipewa dawa katikati?"

"Dawa ikiingia, damu ya pili haisemi kitu cha kuaminika. Na hata hivyo dawa hatuna namna ya kumpa."

Kisa cha kukosekana kwa mgonjwa huyo mmoja Nyanzobe alikijua kwa machungu. Nusu ya wagonjwa walifika wameshachanjwa, alama imekatwa chale tatu tatu na kupakwa unga mweusi, na jicho la kioo likasema: jeraha la wembe. Wengine walikuja na alama nzima, wakatoa damu ya kwanza, wakapona, wasirudi. Aliyepona hana muda na zahanati. Alishawahi kumfuata mwanamume mmoja hadi shambani kumwomba damu ya pili, na yule bwana akamjibu, "Mdogo wangu, hiyo ya kwanza mmeifanyia nini?"

Minza hangekuwa hivyo. Minza alikuwa mtu wa kutimiza neno.

"Wengi hupona wenyewe," Nyanzobe alimwambia, akimshika mkono. "Mlinde asichanjwe. Umpe maji, umpe uji. Akishapona, mniletee."

"Nitamleta," Minza alisema.

*

Hakumleta. Nyanzobe ndiye aliyekwenda, na alikwenda msibani.

Wanawake walikuwa wanamenya viazi uani, na walipomwona hawakunyamaza wala hawakumkaribisha. Alikaa, akachukua kisu, akamenya. Minza alitoka ndani amejifunga upande wa kanga kiunoni, macho makavu, akasimama mbele yake.

"Mwambie daktari wako alama haikukatwa," alisema. "Bibi yake alilia, akaniita mchawi, nikakaa kuilinda. Ilibaki safi mpaka tunamwosha."

"Mama Masele..."

"Mwambie tu. Asije akasema sisi ni watu wasiosikia."

Kesho yake Nyanzobe alifungua taarifa ya Masele kwenye mashine. Shangazi alisema kwa ile sauti yake ya upole: "Damu ya pili haijapokelewa. Ushahidi haujakamilika. Je, mgonjwa anaweza kufika leo?"

Alibonyeza hapana. Kulikuwa na sehemu ya kueleza sababu, ila majibu ya kuchagua yalikuwa matatu tu: amesafiri, hana nauli, amekataa. Alikaa mbele ya majibu hayo kwa muda mrefu, kisha akachagua amesafiri.

*

Mvua za vuli zilipokwisha, Holo, binti yake Nyanzobe, akaungua kwa homa.

Alikuwa na miaka minne, msemaji kama redio, na siku hiyo aliamka hana neno. Nyanzobe alimvua gauni akamkagua kama anavyokagua watoto wa watu. Kwapani, hapana. Kinenani, hapana. Aliipata kwenye nywele, juu ya sikio, nyeusi na kavu.

Mama mkwe wake aliyekuwa mlangoni aliiona pia. "Niichanje upesi, mwanangu. Sumu iko juu juu."

"Usiiguse, mama."

"Ya Masele nayo haikuguswa."

Nyanzobe alimfunga mtoto mgongoni akaenda zahanati.

Daktari Temba alipoona alama alinyamaza. Nyanzobe aliujua ukimya ule. Ulikuwa moyo wake yeye, ulivyoruka siku ile mbele ya goti la Masele.

"Ni safi," daktari alisema hatimaye. "Samahani. Najua ni wako."

"Sema tu, daktari."

"Chukua damu ya kwanza. Kisha tusubiri. Uko naye masaa yote, unajua dalili zote, mgonjwa kama huyu hatujawahi kumpata. Na wengi hupona..."

"Hilo usiliseme."



Nyanzobe alimchoma Holo kidoleni. Shangazi akauliza amelala wapi, amekula nini, anacheza na wanyama gani, na Nyanzobe akajibu yote kwa ukweli. Homa haijatambuliwa. Dawa haijaruhusiwa. Akarudi naye nyumbani akaanza kusubiri, kama alivyomfundisha Minza kusubiri, maji na uji, uji na maji. Madoa mekundu yalitoka viganjani, yakapanda mikononi. Mume wake alipiga simu kutoka mgodini akauliza mtoto anasemaje, naye akasema anaendelea. Hakudanganya. Kitu kilikuwa kinaendelea.

Asubuhi moja Holo alifungua macho, akamtazama, akauliza kwa adabu, "Shikamoo. Mama yangu yuko wapi?"

"Ni mimi, Holo."

"Shikamoo," mtoto alirudia, kama anavyosalimiwa mgeni.

Ndipo Nyanzobe alipokumbuka jokofu. Ndani yake kulikuwa na damu ya Mzee Ng'wandu, mchunga ng'ombe, aliyekuwa anatibiwa brusela, homa ile inayotokana na maziwa mabichi. Brusela Shangazi aliijua vizuri. Aliitibu kwa dawa mbili, na mojawapo ilikuwa doksi, dawa ile ile ambayo ingemtibu Holo.

Alitembea hadi zahanati na mtoto mgongoni, na njia nzima alijisemea mambo mawili, moja kwa kila mguu. Kama Holo angesubiri akapona, droo ingefunguka kwa watoto wote, na Masele asingekuwa amekufa bure. Kama Holo angesubiri asipone, zahanati ingepata sababu nyingine ya kuchagua kati ya amesafiri, hana nauli na amekataa. Kanda nzima ilikuwa na watoto wengi. Mgongoni alikuwa na mmoja, na huyo mmoja alikuwa anamwunguza.

Alitia tone la damu ya mzee tunduni, akaandika jina la mwanawe.

"Ugonjwa umetambuliwa: brusela," Shangazi alisema. Droo ikabofya, ikatoka nje taratibu. "Taarifa ya homa isiyotambuliwa imefungwa. Damu ya kwanza imefutwa. Pole sana, Holo. Utapona."

Chupa ilikuwa nzito. Brusela hutibiwa kwa wiki nyingi. Riketsia huisha kwa siku chache. Dawa ya pili hakuihitaji, akaifukia nyuma ya choo. Ya kwanza alimpa mtoto pale pale, imelowekwa kwenye kijiko cha asali.

Kesho yake jioni Holo alimtazama akasema, "Mama, nataka ugali na dagaa. Usiniwekee vichwa."

Nyanzobe alikwenda uani akalia mpaka akatapika.

*

Daktari Temba aliiona taarifa, akamwita. "Brusela," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Mwenye alama nyeusi juu ya sikio."

"Shangazi amesema brusela."

Daktari hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Basi tutafute mwingine," alisema, akakata.

Mwingine. Nyanzobe aliosha mikono, akafagia, akapanga chupa. Mwingine ana mama.

Minza alikuja wiki hiyo, mchana wa jua kali, zahanati ikiwa tupu. Alikaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Maafisa mifugo wamekuja kwangu," alisema. "Wamepima mbuzi wangu wote. Wanasema jirani yangu mtoto wake ana brusela, ya maziwa."

"Ndivyo ilivyo..."

"Mama Holo, mwanao na maziwa ni wapi na wapi? Harusini kwa Gindu alipewa kikombe, akamtapikia bwana harusi kwenye suti. Tulicheka wiki nzima. Mtoto huyo kanywa maziwa ya nani?"

Nyanzobe alizipanga upya chupa alizokwisha kuzipanga.

"Nimempita hapo nje. Anaruka kamba. Ananiambia, mama Masele, nilikuwa naumwa nikapewa vidonge vichungu na asali." Minza alilainisha kanga magotini. "Sikuja kukusema. Ningekuwa na nguvu za kuivunja hiyo droo, ningeivunja na kabati lake. Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Mwenye brusela hapa kwetu ni Mzee Ng'wandu peke yake. Siku ile mimi nimekaa hapa, damu yake ilikuwemo jokofuni?"

Angeweza kusema hapana. Mzee Ng'wandu hakuwa mtu wa kukumbuka tarehe, na jokofu halina mdomo.

"Ilikuwemo," alisema.

"Uliifikiria?"

"Hapana. Wallahi haikunijia kabisa."

"Haikukujia." Minza aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeonja chumvi. "Ilikuja ilipofika kwako. Afadhali ungesema uliifikiria ukaogopa."

Nje kamba iliendelea kupiga ardhi, na Holo akihesabu vibaya.

"Vidonge vimebaki?" Minza aliuliza.

"Vingi."

"Vitatosha watoto wangapi?"

"Watatu. Labda wanne."

"Na wa tano?"

"Wa tano atasubiri."

"Kwa hiyo bado tunamtafuta wa kusubiri." Minza alisimama. "Mimi sina mwingine wa kuwapa. Nilikuwa na mmoja."

Alikuwa ameshafika mlangoni Nyanzobe aliposema, "Mbuzi wako wana kupe?"

Minza aligeuka.

"Shangazi hajasema lazima awe mtoto," Nyanzobe alisema. "Anataka mtu mmoja. Alama isiyokatwa, damu mbili, asiyeonja dawa."

"Una mtoto mdogo, wewe."

"Ninaye. Yupo hai."

Minza alimtazama sana, kuanzia kichwani hadi kwenye ndala zake. Kwa kitambo Nyanzobe alitumaini atamwambia acha ujinga, nenda nyumbani. Kila mtu angetumaini hivyo.

"Wanao," Minza alisema. "Jike jeusi, yule aliyekuwa analala na Masele. Masikioni wamejaa."

*

Kupe walikuja ndani ya kopo la chai lililotobolewa kifuniko. Minza aliwatoa kwa kijiti akawaweka juu ya paja la Nyanzobe, mmoja mmoja, akawafunika kwa kitambaa. Walifanya kazi hiyo chumbani kwa Nyanzobe, mlango umefungwa, kama wanaosukana nywele. Holo alikuwa ameshapelekwa kwa bibi yake.

"Hawakuumi?" Minza aliuliza.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana nilimwogesha Masele kila siku nisiwaone."

Siku chache zilipita bila lolote, hadi wakaanza kudhani jike jeusi alisingiziwa. Kisha kichwa cha Nyanzobe kikaanza kugonga nyuma ya macho, na kwenye paja, katikati ya vipele vya kawaida, kimoja kikawa cheusi.

Minza ndiye aliyemshika mkono hadi zahanati na ndiye aliyemchoma kidole. Shangazi aliuliza amelala wapi. Kitandani kwake. Amekula kwa nani. Kwa mama Masele, uji wa mtama. Jicho la kioo likakaa juu ya paja, likatafuta chale, halikuona.

"Alama imepokelewa. Damu ya kwanza imepokelewa. Homa haijatambuliwa. Dawa haijaruhusiwa."

Daktari Temba alikuwa kwenye kioo cha ukutani. Alikuwa amesogea karibu mno, uso umejaa.

"Imetokeaje hii, Nyanzobe?"

"Kupe, daktari."

"Najua ni kupe." Alimtazama Minza, akaliona na kopo la chai mkononi mwake. Mdomo wake ulifunguka. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa na jina kwa jambo kama hili, na jina hilo lingefunga taarifa ile palepale. Alipepesa macho. "Sijauliza," alisema. "Maji mengi, mama Holo." Kioo kikawa cheusi.

Nyumbani, baridi ilimpanda kutoka miguuni. Minza alimfunika mablanketi mawili na kanga juu yake. Kisha alifungua sanduku, akaitoa ile chupa ya vidonge iliyokuwa imefichwa chini ya nguo za mtoto, akaitikisa isikike.

"Hivi nitakaa navyo mimi," alisema. "Ukiwa navyo karibu utavimeza. Hata mimi ningemeza."

"Kaa navyo." Meno yake yaligongana. "Nikizidiwa, nipe. Achana na ushahidi. Holo bado mdogo."

"Nitakupa."

"Utajuaje kama nimezidiwa?"

Minza aliifunga chupa kwenye pindo la kanga yake, fundo moja, kisha la pili.

"Sijui," alisema. "Masele alipozidiwa nilidhani amelala. Nikawanyamazisha watu wasimwamshe."

Akakivuta kigoda mpaka kikagusa kitanda, akakaa, akauweka mkono wake juu ya kifua cha Nyanzobe, akauacha hapo.